Shemeji na Mkebe Wake wa Visu

Hebu nisaidie wewe jirani, maana mimi kichwa kimeshagoma. Nyumba ina mkebe mzima wa biskuti umejaa visu, halafu hatuna kisu cha kukatia kitunguu. Visu vipo! Ila haviguswi. Mke wangu anakata kitunguu kwa kile kisu cha zamani kilichong'oka mpini, amekizungushia tambara. Ukiuliza unaambiwa vya kwenye mkebe si vya kitunguu. Vya nini sasa? Hujibiwi. Unatazamwa tu, halafu mkebe unafunikwa.

Mwenye mkebe ni shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Baharia mstaafu. Mabaharia wenzake walirudi na redio za maana, friji, wengine walishusha na gari bandarini. Yeye alishusha visu. Tena si visu vya kutisha, vya sinema. Visu vya kukunja! Vya mfukoni. Ndivyo wakulima wa Ulaya wanakatia mkate shambani, na watoto wa shule Japani walichongea penseli. Meli ikitia nanga, wenzake wanakwenda kwenye starehe zao, yeye anaulizia duka la vyuma liko wapi. Sasa amekuja kukaa kwetu kwa muda. Muda wenyewe sijatajiwa. Nikimuuliza mke wangu, ananiuliza kwani nimechoka na ndugu zake.

Jumamosi ndiyo mbaya. Anakalia kiti changu cha barazani. Anatandaza kitambaa cheupe, ambacho ukikiangalia vizuri ni upande wa shuka langu. Anavipanga. Ana kichupa cha mafuta ya cherehani, anadondosha tone moja kwenye maungio, anafuta, anakunja, anakunjua. Wazee wa mtaa wanakuja. Muuza genge anaacha nyanya zake anakuja. Wanainama, wanasema "aaah". Mimi naambiwa nilete maji ya kunywa.

Tuanze na cha Mfaransa. Kinaitwa Opinel. Ukikiona utasema mtu kakichonga mwenyewe jioni moja hana kazi. Mti, chuma, basi. Alikianzisha Joseph Opinel mwaka 1890, huko Savoie, milimani, ukoo wao wahunzi wa mashoka na zana za shamba. Mwaka 1897 akakipa saizi, namba 1 mpaka namba 12, mkulima achague cha kiganja chake. Shemeji anazo kwa mstari. Siku ya kwanza nikapitisha jicho kwenye ule mstari, nikaona kitu. Namba 1 haipo. Namba 11 haipo. Moyo ukaruka kwa furaha! Nikasema kwa sauti, wazee wote wasikie: "Shemeji, umepigwa! Hapa pana mapengo mawili!"

Shemeji wala hakuinua kichwa. "Namba 1 na namba 11 waliacha kuzitengeneza mwaka 1935, shemeji."

Kumbe ya 1 ilikuwa ndogo mno, haimfai mtu kwa kazi, na ya 11 ilibanwa kati ya 10 na 12, haina pa kujitetea. Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Muuza genge naye akacheka, na huyo ukimwambia 1935 anaweza akakupa chenji.

Halafu ndiyo nikapewa somo, bila kuomba. Kisu hicho kina vipande vitano. Bladi, mpini, pini, pete iliyotulia na pete inayozunguka. Ile inayozunguka ndiyo loki, inazuia bladi isikurudie vidoleni. Imeongezwa 1955 tu. Kabla ya hapo vipande vilikuwa vinne na watu waliishi. Shemeji ananinyooshea mkono mzima usoni, vidole vyote: "Vitano! Niambie kipi utakitoa kisu kibaki kisu."

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Lakini hapo ndipo nilipoelewa hawa watu wanalipia nini. Wewe na mimi tukienda dukani tunauliza hiki kina nini cha zaidi. Wao wanauliza kimepunguziwa nini. Wakiambiwa hakuna tena cha kupunguza, wanatoa pochi. Na cha ajabu zaidi, si ghali! Kwao Ufaransa Opinel ya kawaida ni kisu cha mtu yeyote, kinauzwa madukani pamoja na misumari na ndoo. Nilidhani mkusanyaji vitu anakusanya dhahabu, saa, magari ya kale. Huyu anakusanya kitu ambacho mchunga mbuzi alikuwa nacho mfukoni. Nikamuuliza kwa nini hakusanyi vya bei mbaya. Akasema cha bei mbaya utakiogopa, utakiweka kwenye kabati, hutakatia chungwa. Nikamwambia mbona hivi hatukatii kitunguu? Akasema kitunguu ni suala jingine.

Sasa hilo la chungwa. Wakati wa masika, wageni wamejaa sebuleni, wakwe, watu wa heshima. Shemeji akanikabidhi Opinel namba 8 mbele yao niwamenyee machungwa. Heshima kubwa. Nikaweka ukucha kwenye kile kijistari cha bladi, nikavuta. Haitoki. Nikavuta tena. Ukucha ukabaki pale, mimi nikaja huku. Kumbe mti ukinyonya unyevu unavimba, unaibana bladi. Nani aliniambia? Nikageuka kidogo upande wa ukutani, nikaivuta kwa meno. Mama mkwe akaniona. Akaguna mguno ule wa kumkumbuka mchumba mwingine aliyemkataa. Shemeji akanyoosha mkono, akakichukua, akakigonga tako la mpini kwenye ukingo wa kiti, ko! Bladi ikachungulia. "Savoie ndivyo wanavyofanya," akasema. Wageni wakapiga makofi. Kwa kugonga!

Usiku wamelala wote nikajaribu na mimi. Nikagonga. Kwenye meza ya sebuleni. Ile ya kioo. Tusiizungumzie meza.

Kuna cha Mmarekani pia, kinaitwa Case, kiwanda chake kipo Bradford, jimbo la Pennsylvania. Mpini wa mfupa wa ng'ombe umechongwachongwa ushikike vizuri. Hiki hakina loki yoyote. Kina springi mgongoni inayoikaza bladi, ukiifungua inakaa, ukiisukuma inarudi. Ndivyo visu vingi vya babu zao vilivyokuwa, wa Marekani na wa Sheffield kule Uingereza. Na Waingereza mpaka leo wanavipenda kwa sababu ya kisheria kabisa: kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yake hayazidi inchi 3, unatembea nacho bila kuulizwa kwa nini. Opinel ile yenye pete ya kufunga, polisi wa huko akikukuta nayo lazima uwe na sababu ya maana. Nilipolisikia hilo nikasema afadhali mimi naishi huku, maana mimi sababu za maana huwa sina hata nikiulizwa kwa nini nimechelewa kurudi.

Sasa wataalamu wa visu hivi vya springi, sikia, wanavisikiliza. Kwa masikio! Bladi inavyopanda, inavyotulia, inavyorudi na ule mlio wake, wanajua springi ni nzima au imechoka. Shemeji akanisogezea kisu sikioni, mbele ya wazee. Nikafumba macho ili nionekane najua. "Umesikia hiyo tak?"

"Nimeisikia, safi kabisa," nikasema.

"Bado sijakifungua, shemeji."

Hayakuishia hapo. Akaleta lenzi. Eti kile kisu kina siri ya mwaka wake. Tangu 1970 kiwanda kilianza kupiga vidoti karibu na jina, pale shingoni mwa bladi. Mwaka huo vidoti kumi. Mwaka uliofuata tisa. Kila mwaka wakawa wanapunguza kimoja. Kwa hiyo ukihesabu doti unajua kisu kilizaliwa lini, na watu wazima wenye familia wanakaa na lenzi wanahesabu. Shemeji akasema hebu shemeji, tuhesabie. Nikachukua, nikahesabu taratibu, kwa makini, kidole kikitangulia.

"Kumi na moja," nikasema.

Baraza likanyamaza. Shemeji akakipokea, akakiangalia kwa lenzi, akakifuta kwa kitambaa. Vikabaki kumi. Cha kumi na moja kilikuwa mchuzi wangu wa mchana.

Usidhani mimi sina kisu. Ninacho! Nilinunua kwa mmachinga Kariakoo, chekundu, kina msalaba mweupe unaofanana na ule wa Uswisi ukiangalia huku unatembea. Kina kila kitu. Mkasi, msumeno, kijiko, uma, dira, tochi, kijiti cha meno. Na bladi pia ipo, nimeiona. Iko kati ya kijiko na msumeno, ila ukiivuta inatoka familia nzima. Tochi iliwaka vizuri mpaka Msimbazi. Dira inaonyesha kaskazini kokote unakoigeuzia, haina ubishi. Nikamwonyesha shemeji kwa fahari. Akakipima mkononi, akanirudishia kwa upole, upole ule unaouma. Akasema hata hao Waswisi wenyewe, kile kisu cha kwanza alichowatengenezea wanajeshi Karl Elsener, 1891, kilikuwa na vitu vinne: bladi, kitobolea, kifungulia kopo na bisibisi. Askari mzima anakwenda vitani na vinne! Mimi nakwenda Tandika na vyote hivi na narudi na nyanya zilizopondeka.

Na mlinzi naye. Nilikwenda kwenye ghorofa moja mjini, ofisi za watu. Shemeji tulikuwa naye. Mashine ya getini ikalia. Shemeji akatoa ki-Opinel chake, akakiacha kwa hiari. Walinzi wakakizunguka. Wanakunja, wanakunjua, mmoja anauliza kinauzwa wapi. Ikafika zamu yangu. Nikatoa changu kwa wasiwasi, nikijiandaa kujieleza, maana kina msumeno. Mlinzi akajaribu kukifungua. Akaomba msaada wa mwenzake. Kikatoka kijiko. Wakaangaliana. Akaniambia, "Mzee, pita nacho tu." Pita nacho! Nikabaki nimesimama pale getini namwomba anizuie.

Nisikupotezee muda na vya Solingen vyenye paka kwenye mpini, wala na cha Mfaransa mwingine, Douk-Douk, cha mwaka 1929, ambacho mpini wake ni bati limekunjwa, kilikusudiwa visiwa vya Pasifiki halafu kikapendwa zaidi Afrika ya Kaskazini. Hivyo naviogopa. Ila kipo kimoja ambacho kinatuhusu. Okapi. Hiki shemeji alikipata Durban, kwa sababu tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Lakini kilianzia kwa Mjerumani, 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yake ya Afrika. Makoloni hayo ni sisi! Wakati huo huku ni kwa Mjerumani. Yaani mtu amekutawala, amekutoza kodi, halafu anakuuzia na kisu cha kukunja. Kinafunguka kwa meno ya chuma, kra-kra-kra, mtaa mzima unasikia, na kukifunga unavuta kijipete mgongoni. Kwenye mpini pana mwezi na nyota. Jina ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, mwenye miguu ya milia, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimwandika 1901, mwaka mmoja tu kabla ya kisu. Nikakigeuza kisu huku na huku kumtafuta. Nikauliza mnyama yuko wapi. Wazee wakashusha pumzi kwa pamoja.

Sasa nikufikishe kwenye kesi yenyewe, maana najua umeisikia mtaani na umesikia vibaya.

Shemeji alisafiri kwenda msibani Tanga. Mkebe akauacha. Mimi roho yangu ni nzuri, hilo ulijue. Nikasema huyu mtu ni mgeni wangu, ngoja nimfanyie jambo. Nikafungua mkebe. Nikakuta kile cha Mjapani, Higonokami. Alikinunua Kobe, na mji wa Miki vinakotengenezwa uko jirani na hapo. Mpini wake ni bati la shaba ya njano limekunjwa tu, maandishi yao yamegongwa juu, bladi ina kimkia unakibonyeza kwa kidole gumba. Hakina springi, hakina loki, kidole chako ndiyo loki. Bladi yake, jirani, ilikuwa imechakaa! Kijivu, buluu-buluu, mawingu-mawingu. Nikasema chumvi ya bahari hii, kutu hii, maskini, mzee haoni vizuri siku hizi.

Kengele ikalia barabarani. Mnoa visu na baiskeli yake. Ishara ya Mungu! Nikatoka nacho mbio. Nikamwambia, "Kijana, hiki ni cha mzee wa heshima. Kinoe, na ukishamaliza king'arishe kabisa." Akapandisha baiskeli stendi, akakanyaga pedeli, jiwe likazunguka. Cheche! Watoto wa mtaa wakashangilia. Mimi nimesimama pembeni mikono kiunoni, tajiri. Alipomaliza kilikuwa cheupe, unajiona sura. Kimepungua kidogo upana. Basi, tuseme kimepungua. Nikalipa buku, tena bila kupatana. Nikakirudisha juu kabisa ya mkebe, akifungua tu akutane na sapraizi.

Shemeji akarudi. Akafungua. Akakitoa. Akakikunjua. Akakaa chini taratibu. Akaomba maji.

Nikangoja nishukuriwe.

Kumbe ile buluu si uchafu, si kutu. Ni rangi ambayo chuma cha aina hiyo kinaiota chenyewe kikikata machungwa, ndimu, maembe, mwaka baada ya mwaka, ukikifuta vizuri kila mara. Na inasaidia hata kuzuia kutu yenyewe. Wapenda visu wanailea. Mtu anaweza kukwambia hili wingu ni la embe la mwaka gani. Shemeji aliilea kwenye meli, bahari zote. Mimi nimeifuta kwa buku, barabarani, watoto wakishangilia.

Nikajaribu kumtuliza. Maana pale nchani, jiwe lilipopachemsha, palikuwa pamebaki na rangi. Nikamwonyesha. "Shemeji usijali, buluu yako si hii hapa? Imeanza kurudi."

Akafumba macho. Akaniambia hiyo ni buluu ya kuungua. Chuma kikichemka kwenye jiwe kavu kinapoteza ugumu wake, hapo nchani sasa makali hayatakaa. Na Wajapani wenyewe, kwenye miaka ya 1960 ilipigwa kampeni watoto wa shule wasibebe visu, mafundi wengi wakafunga kazi, leo mwenye haki ya jina la Higonokami amebaki mtengenezaji mmoja tu.

"Basi tumpigie simu," nikasema. "Mmoja ni rahisi kumpata."

Mke wangu ndiye aliyekasirika zaidi. Mke wangu! Ambaye anakata kitunguu kwa kisu cha tambara! Ambaye juzi tu alisema visu vya kaka yake vinamjazia nyumba! Akasimama na kaka yake. Wakanitazama wote wawili, na nyuso zao zinafanana, sijawahi kuona zinavyofanana. Hakuna aliyeniuliza kuhusu buku yangu.

Nikajua shemeji atamtafuta yule kijana wa baiskeli wagombane. Nikangoja kwa hamu, angalau tugawane lawama. Akamtafuta kweli. Akamkaribisha barazani, akamkalisha. Akatoa kinoo chake, akakilowesha maji, akamfundisha: pole pole, pembe ile ile, usikanyage pedeli kwa visu vya watu. Kijana akashika upesi. Akasikiliza ule mlio wa tak akausikia mara ya kwanza tu, jambo ambalo sioni lina maana gani. Siku hizi Jumamosi yupo, anamwita shemeji baba, anakalia kile kigoda nilichokuwa nakalia mimi baada ya kunyang'anywa kiti. Wamemaliza pamoja chai yangu ya tangawizi.

Na wana biashara. Wananoa visu vya mtaa mzima, kwa kinoo, kwa maji, taratibu, watu wamepanga foleni na mapanga na visu vya jikoni. Jana mke wangu akanituma na kile chenye tambara. Nikapanga foleni, kwenye baraza langu mwenyewe, nyuma ya muuza genge. Muuza genge kalipa jero. Ikafika zamu yangu, kijana akakigeuza kisu, akanitazama, akamtazama baba yake.

"Cha huyu ni buku," shemeji akasema. "Na kikiisha apewe mkewe mkononi."